openEMS: programu ya bure ya kuigiza radi kwenye ndege, baada ya miezi minne ya kuitumia

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma mistari mitatu mnaondoka. Kama ndege yako ni ya bati la alumini, una laptopu yenye RAM ya gigabaiti 16, na hesabu za kidato cha sita hazijakutoka kichwani, openEMS itakufaa sana. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu nitakayoifikia huko chini, na kusema kweli sababu yenyewe si kosa la programu.

Mimi ni fundi wa avioniki: nyaya, redio, vyombo vya rubani na kila kinachowaka taa ndani ya ndege. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, na mingi nimeimalizia Mwanza kwenye Cessna Caravan. Mtu wa Kanda ya Ziwa haelezwi habari za radi. Usiku upepo wa nchi kavu unatoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu inapanda katikati, na hadi alfajiri Ziwa Victoria linamulika kama mtu anachomelea mageti. Vuka upande wa Kongo ndiyo balaa zaidi: mwaka 2016 wanasayansi waliochambua takwimu za setilaiti waliitaja Kabare, kule Kivu, kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi, zaidi ya mimuliko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake.

Kazi iliyonifikisha kwenye programu hii ilikuwa ndogo. Mteja wa upimaji ramani alitaka kamera ifungwe chini ya tumbo la Caravan, ndani ya boksi la alumini, na kebo ya mita tatu ipande kupitia tundu la sentimita nane hadi kwa mwendeshaji kabinini. Idhini ya kubadilisha kitu kwenye ndege haitoki kwangu, ina wenyewe. Lakini mhandisi aliyekuwa anaandaa makaratasi alinipigia simu: "Fundi, radi ikipiga, hiyo kebo itapata volti ngapi?"

Nikanyamaza. Miaka yote hiyo nimekagua ndege zilizopigwa. Nimehesabu vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini kwenye ncha za mabawa na kwenye ribiti za mkia, nimebadilisha dira iliyoingiwa na usumaku ikawa na kaskazini yake yenyewe. Volti ngapi? Sikuwahi kujiuliza.

Kwanza niliulizia programu za kulipia. Wakala mmoja, simtaji, alinitumia bei ya leseni ya mwaka mmoja ambayo mtaani ningepata Toyota IST na chenji ya matairi. Nikamshukuru. Aliyenipa jina la openEMS ni kijana wa chuo aliyekuja kwetu fildi. "Shikamoo fundi. Ipo ya bure, ila haina pa kuchorea." Nilidhani ananitania.

Hakuwa anatania. openEMS ilianzia Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen, Ujerumani, mikononi mwa Thorsten Liebig, na ni ya bure kwelikweli, hadi msimbo wake uko wazi. Ndege huichori kwa kuburuta mausi; unaiandika. Unafungua Octave, programu ya hesabu ambayo nayo ni ya bure, au lugha ya kompyuta iitwayo Python, halafu unaandika mstari kwa mstari: hapa weka bomba la chuma, hapa toboa, hapa pima mkondo. Kuna kidirisha kiitwacho AppCSXCAD kinachokuonyesha ulichojenga, na matokeo unayatazama kwenye ParaView, programu ya kuonyesha matokeo kwa picha. Wiki ya kwanza niliweka alama moja ya kutoa vibaya, bawa la kushoto likaota juu ya mkia. Kijana alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilijifariji kwamba hata ndugu Wright, waanzilishi wa ndege, walianguka.

Ndani yake kuna mbinu ya Kane Yee ya mwaka 1966. Anga lote lenye ndege linakatwa kuwa vijisanduku. Kila kijisanduku kinatunza umeme wake na sumaku yake, na kwa kila hatua ya muda kinapokea habari za majirani zake tu, kinajirekebisha, kinangoja hatua inayofuata. Ni kama taarifa ya msiba inavyotembea mtaani: nyumba kwa nyumba, hairuki. Kwa sababu hairuki, hatua ya muda lazima iwe fupi kuliko muda wa mwanga kuvuka kijisanduku. Kumbuka hilo, ndipo gharama ilipojificha.

Radi yenyewe unaipeleka kama fomula. Wapimaji wa ndege duniani, kwa viwango vya SAE na EUROCAE, mashirika yanayoweka viwango vya kiufundi, wana radi yao ya mfano, na kipande chake kikali zaidi kinaitwa Kijenzi A: mkondo unapanda hadi ampea 200,000 ndani ya mikrosekunde 6.4, kisha unashuka na kufika nusu kwenye mikrosekunde ya 69. Nyumba yangu nzima, friji na pasi vikiwaka pamoja, haifiki ampea 30. Kwa hesabu ni 218,810 mara tofauti ya vipeo viwili vinavyofifia, kimoja kwa kasi ya 11,354 kwa sekunde na kingine 647,265. openEMS inapokea fomula hiyo kama ilivyo, kwenye mstari mmoja. Sikulazimika kuikatakata kuwa jedwali la nukta elfu. Hapo nyota moja ilipatikana papo hapo.

Anayedhani hesabu hizi ni za kujifurahisha aulize habari za Boeing 707 ya Pan Am, Desemba 8, 1963, karibu na Elkton, Maryland. Radi iliwasha mvuke wa mafuta ndani ya tangi la bawa, wakafa watu 81. Baadaye NASA walichukua ndege ya kivita aina ya F-106B wakaipeleka kwenye mawingu ya radi makusudi, kuanzia 1980 hadi 1986, ikapigwa mara 714. Majaribio hayo yalisaidia kuonyesha kwamba mara nyingi ndege haipigwi na radi iliyokuwa inapita tu. Ndege yenyewe, kwa kuingia na ncha zake kwenye uga mkali wa umeme, ndiyo inayoianzisha. Marubani wangu hawapendi kuambiwa hivyo.

Sasa utendaji wake. Nilianza na bomba tupu la nusu kipenyo sentimita 80, bila bawa, bila dirisha, mkondo unaingia mbele unatoka nyuma. Hili nawasihi mlifanye, kwa sababu jibu lake mnaweza kulipata kwa kalamu: gawanya mkondo kwa mara mbili ya pai na umbali kutoka katikati. Mita moja na nusu kutoka katikati ya bomba, ampea 200,000 zinatoa uga sumaku wa ampea 21,200 kwa mita. Programu ilinipa 20,900. Nilitabasamu peke yangu hanga nzima. Karibu kabisa na bati haikuwa nzuri hivyo, maana vijisanduku ni vya mraba na bomba ni duara, kwa hiyo ngozi ya ndege inageuka ngazi. Kwa ngazi za sentimita kumi kumi, usiiamini namba iliyo kijisanduku kimoja kutoka kwenye bati.

Ndipo nikajenga Caravan, mabawa ya karibu mita 16 na urefu wa mita 12 na nusu na ushee, ndani ya chumba cha kuta za chuma zinazorudisha mkondo, kama maabara za kweli zinavyozungushia ndege nyaya za kurudishia. Kwa sentimita kumi nilipata vijisanduku milioni 5.8. Hatua moja ya muda ni nanosekunde 0.19, na mimi nilitaka mikrosekunde 20, ambazo zinatosha kuvuka kilele. Hiyo ni hatua laki moja na elfu nne. Laptopu yangu ya mtumba, niliyoitoa Kariakoo kwa milioni moja na laki nne, ilikuwa inapiga vijisanduku milioni 40 kwa sekunde. Saa nne na robo. Unaanzisha baada ya chai, unarudi baada ya chakula cha mchana. Hakuna malalamiko.

Malalamiko yanaanza ukitaka kuona vitu vidogo. Tundu la kebo lilikuwa la sentimita nane, na vijisanduku vya sentimita kumi vinalimeza kana kwamba halipo. Uzuri ni kwamba openEMS inakubali gridi isiyolingana: nikaacha mbali na tundu vijisanduku vikubwa, karibu nalo nikaweka vya sentimita mbili. Idadi ikapanda kidogo tu, hadi kama milioni nane. Lakini hatua ya muda inafuata kijisanduku kidogo kuliko vyote, ndege nzima, hata kule kwenye ncha ya bawa ambako hakuna ninachotafuta. Hatua zikafika laki tano na elfu ishirini. Hesabu ikawa ya saa 29.

Mara ya kwanza umeme ulikatika saa ya ishirini na mbili. Betri ya mtumba ilidumu dakika kumi na moja. Naigiza radi kwenye ndege, nashindwa na umeme wa ukutani. Nikaanza upya, safari hii laptopu nikaiunganisha na inverta na betri ya gari ya hanga, na nikabandika karatasi: USIGUSE, NDEGE IKO HEWANI. Mlinzi wa usiku aliniamini, akawa anaizunguka kwa heshima.

Matokeo yalinishangaza kwa namna mbili, na hapa ndipo programu ilipolipa fadhila. Wote hanga tulikuwa tunaliogopa lile tundu. Radi ikipita kutoka pua hadi mkia, programu ikasema waya uliolala chini ya sakafu, sentimita chache kutoka kwenye bati, unapata volti kama 18. Kumi na nane! Tundu la sentimita nane kwa radi ni kitu kidogo sana. Lakini ramani ya kwanza ya kebo haikupita chini ya sakafu. Ilipanda ukutani ikatambaa chini ya madirisha, kwa sababu huko ndiko rahisi kufungua paneli. Waya uleule, ukipita huko, ulipata volti 260. Madirisha ya Caravan ni makubwa na sumaku haijui plastiki. Kamera, kwa makaratasi yake, ilipimwa kwa daraja la 3 la DO-160, kiwango cha kupimia vifaa vya ndege, yaani volti 300 kwa wimbi la aina hiyo. Inapona, lakini kwa kubahatisha. Nilihamisha kebo siku ileile, na vijana wawili walinichukia kwa siku mbili za kufungua sakafu.

Kwa kazi ya aina hii, kulinganisha njia mbili za kebo, sijaona kitu cha bure kinachoikaribia. Volti 18 inaweza kuwa 12 au 25, sitabishana. Haiwezi kuwa 260.

Sasa ile nyota ya tano.

Jioni moja kijana alikuwa anaongeza boksi la kamera chini ya tumbo. Safari hii radi haipiti puani. Inapiga boksi lenyewe. Tumbo la ndege, nyuma ya pua, liko kwenye eneo ambalo radi inaburuzwa kuelekea nyuma ndege ikiwa inakwenda mbele, na kiwango chake ni kipigo cha marudio cha ampea 100,000. Akaendesha, akaja mbio. "Fundi, kati ya boksi na ndege, volti sifuri!"

Nikamuuliza, kwenye modeli yako boksi limefungwaje? Akanionyesha mstari: boksi linaanzia pale tumbo linapoishia. Chuma kwa chuma, kamilifu, hakuna hata unywele kati yao. Nikamwambia achukue tochi twende chini ya ndege.

Boksi la kweli lilikuwa limeshikwa na bolti nne. Chini ya washa kulikuwa na rangi nyeupe, nzuri, inang'aa, na chini ya rangi praima ya kijani. Nikatoa miliomita, kipimo cha ukinzani mdogo wa umeme, nikabana kibanio kimoja kwenye boksi na kingine kwenye ribiti tuliyoikwangua. Miliomu 11, yaani sehemu 11 kwa elfu za omu moja. Nikamwambia azidishe kwa laki moja. Alitumia simu, sijui kwa nini: volti 1,100. Kati ya boksi na ndege, kwa muda ambao huwezi kupepesa jicho, na kebo ya kamera imeunganisha pande zote mbili. Ngao ya kebo, ule wavu wa chuma unaoizunguka, ingegeuka njia ya radi.

openEMS ina namna ya kuweka ukinzani mahali palipounganishwa. Tukauweka, miliomu 11, ikajibu volti 1,060. Kwa hiyo programu inajua. Haikuambiwa. Kila kiungo unachokichora kwenye kompyuta ni kiungo kipya kilichosafishwa na malaika, na hakuna tahadhari yoyote inayojitokeza kukuuliza: je, hapa pana rangi? Programu ya bei ya IST nayo, kwa nilivyoelewa maelezo yake, haitakuuliza. Nyota naizuia hata hivyo, kwa ajili ya mtu atakayeendesha modeli nzuri yenye rangi za upinde wa mvua, akaona sifuri, akalala usingizi.

Tulifungua bolti, tukakwangua rangi kwa msasa mduara wa ukubwa wa washa, tukasafisha, tukakinga alumini isipate kutu, tukakaza. Miliomu 0.7. Volti 70. Kikomo tunachokifuata kwa viungo kama hivi ni miliomu 2.5, na sasa najua kwa nini wazee walionifundisha walikuwa wakali kwenye namba hiyo. Nilikuwa naifuata kama tarehe ya kulipa kodi.

Mengine kwa kifupi. Maelezo yake yako kwa Kiingereza, na ni ya watu wa antena zaidi kuliko watu wa ndege. Mifano mingi utakayokuta ni ya vibati vya redio vya ukubwa wa kiganja. Kama ndege yako ni ya nyuzi za kaboni, mtindo wangu huu usiuige. Kaboni inapitisha umeme vibaya mno ukilinganisha na alumini, volti zinajitokeza ndani ya ngozi yenyewe, na ndiyo maana ndege kama Boeing 787 inavikwa wavu mwembamba wa chuma juu ya kaboni. Huko unahitaji kumpa kila kipande sifa zake, na maabara ya kukuhakikishia. Pia mikrosekunde 20 zangu hazioni mkondo mrefu wa taratibu unaofuata kipigo, ule wa ampea mia chache unaokaa hadi robo sekunde na zaidi na kutoboa bati kwa joto. Hiyo ni hesabu nyingine kabisa. Na matokeo haya hayakuwa idhini: mhandisi aliyachukua kama sababu ya kubadilisha njia ya kebo, kisha akaendelea na makaratasi yake kwa utaratibu wake.

Bando la kupakua kila kitu lilinigharimu pungufu ya gigabaiti mbili. Kwenye Ubuntu ilikubali siku hiyohiyo. Kwenye Windows ya kijana ilichukua siku mbili, nyingi zikiwa za Octave kutoiona njia ya mafaili.

Ndege imesharuka na kamera wiki sita, nyingi kati ya hizo juu ya ziwa. Juzi ilipoingia ukaguzi nilipita na miliomita kabla ya kunywa chai. Miliomu 1.9. Imepanda. Nimemwambia kijana abadilishe namba kwenye faili lake aendeshe tena, na mimi nimeandika tarehe na kipimo pembeni ya boksi kwa kalamu ya wino, maana penseli kwenye alumini ni mwiko, inaleta kutu.